Nasikia Nafuu

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyetoka kuambiwa kwamba kikohozi chako si kikohozi tu. Najua ulivyoketi. Umebana mikono katikati ya magoti, unatazama sakafu, na unajiuliza utamwambia nani kwanza. Mimi nilimwambia mbuzi. Nilirudi nyumbani Kabasa, kule Bunda, nikamkuta amefungwa penye ua wa minyaa, nikamwambia, "Nina kifua kikuu," naye akaendelea kutafuna. Baada ya hapo ikawa rahisi kidogo kumwambia Magesa, mume wangu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za madukani. Sabuni ilikuwa hadithi, tulifulia majani ya mpapai. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka, na Bunda nzima ilikuwa shambani inapanda pamba. Mimi sikuweza kufikisha jembe mwisho wa mstari. Nilikuwa nimekonda mpaka sketi naifunga kwa kamba ya katani. Wengine walisema ni mimba, wengine walisema ni kunyonyesha, maana binti yetu Eliza alikuwa bado ananyonya. Kisha siku moja nikatema damu kwenye tuta la pamba, na uvumi wa mimba ukaisha.

Nikuambie pia nilikuwa nani kabla ya hapo. Kanisani kwetu hapakuwa na kinanda. Mtu mmoja anatoa sauti, wengine wanaifuata, na akianza juu mno kwaya nzima inaumia shingo. Mtu huyo nilikuwa mimi. Sikuwahi kuanza juu mno. Hayo ni majivuno, na nimeshayatubu, lakini bado ni kweli.

Mama mkwe alikuja kutoka Butiama alipopata habari. Ni mwanamke mrefu, mkimya, asiyependa kukaa kwenye kiti. Alinitazama, kisha akamwambia mwanawe nikiwa palepale nimelala.

"Hii si kikohozi tu. Kuna jina inadai. Huyu mtoto mlimpa jina la kizungu, wazee hamkuwauliza."

Kwao mtoto hupewa jina la mmoja wa waliotangulia, na aliyesahaulika anaweza kuja kulidai kwa njia ya ugonjwa. Nilijua desturi hiyo, kwetu pia ipo. Nikamjibu, "Mama, mtoto amebatizwa. Jina lake limeshaitwa mbele ya Mungu."

"Na wewe je? Huyo Mungu amekuita?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Siku ile ile alimfunga Eliza mgongoni akaondoka naye, kwa sababu tuliambiwa mtoto asikae karibu na pumzi yangu. Maziwa yalinijaa mpaka gauni likalowa. Eliza hakuwa ameanza kusema. Alikuwa anasema "ba, ba" tu, akimwita kuku, akimwita baba yake, akiita kila kitu. Nilisimama mlangoni nikaomba ombi moja, na ombi hilo ndilo utakaloliona mpaka mwisho wa maneno haya: "Bwana, nirudishe kabla mwanangu hajaanza kusema. Neno lake la kwanza nilisikie mimi."

Nililazwa Musoma, katika wodi ya kifua iliyojengwa pembeni, madirisha wazi siku nzima, upepo wa ziwa ukipita juu ya vitanda vyetu. Jina la hospitali silitaji, maana sina kesi na mtu. Kila mgonjwa alikuwa na shuka yake ya kutoka nyumbani na kopo lake la makohozi lenye kifuniko. Chakula nililetewa na mama mdogo Yunia, aliyekaa Kigera. Uji wa muhogo usio na sukari, na samaki wadogo tunaowaita furu, ambao walikuwa wameanza kuadimika kwa sababu sangara aliwamaliza. "Kula," alikuwa akisema, "hawa wameponea kwenye mdomo wa sangara ili waje kwako." Ndivyo alivyonihubiria, naye alihubiri vizuri kuliko wengi.

Sindano zilichomwa asubuhi, baada ya maombi. Mafuta ya taa yakikosekana, bomba za sindano zilichemshwa kwenye jiko la mkaa, tukasubiri kwenye benchi tukisikia harufu ya moshi na kuogopa. Leo tako hili, kesho lile, mpaka yote mawili yakawa na mabonge na kukaa kukawa kazi. Ukifika hatua hiyo, omba kitambaa cha maji ya moto. Usione haya.

Aliyetuchoma alikuwa Sista Zainabu, mtu wa Pangani, Mwislamu, mwenye mkono mwepesi na Kiswahili kilichotufanya tujione wageni katika nchi yetu. Sisi wa Mara Kiswahili ni lugha ya pili. Tulikuwa tukimsikiliza kama redio. Kila asubuhi, akiwa ameshachoma, akiwa anafuta kwa pamba, alimuuliza kila mtu swali lilelile:

"Wasikia vyema?"

Nami nilimjibu kila asubuhi, "Nasikia nafuu, sista."

Sasa tulia hapa kidogo, maana maisha yangu yaligeukia hapa. Kwetu mtu akikuuliza unasikiaje, anaulizia mwili. Nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia nafuu. Nami kweli nilikuwa napata nafuu. Homa ya jioni ilikata, damu ilikoma, nikaanza kuota nyama kwenye mikono. Nilimjibu kwa furaha na shukrani. Yeye, kwa Kiswahili cha kwao, alikuwa anauliza masikio. Dawa ile ya sindano huponya kifua lakini kwa baadhi ya watu huharibu masikio, na alitakiwa kuulizia kila siku. Aliuliza. Nilijibu. Hakuna aliyesema uongo.

Masikio yalikuwa yameanza kulia zamani, mlio mwembamba usiokoma. Nilimweleza mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Si kama kwinini?" akasema. "Kwinini ikishika, masikio yanaliaga. Yakilia ujue dawa imefika."

Basi tukafurahi. Katika maombi ya asubuhi tulimshukuru Mungu kwa mlio wa masikio yangu. Nimecheka juu ya jambo hili mara chache, na kila mara nimemalizia kwa machozi.

Kisha kengele ya kanisa la jirani, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa na kugongwa kwa nondo, ikanyamaza. Nikamwambia mama mdogo, "Hata kengele ya Mungu wameiba!" Miaka ile waliiba kila chuma, kwa hiyo sikushangaa. Mama mdogo alinitazama namna ya ajabu, akasema kitu huku anafunga kikapu, na mimi nikadhani anasikitikia kengele.

Siku iliyofuata nilikuwa nimeketi kitandani nimeelekea dirishani, nakunja shuka. Nikasikia mtikisiko sakafuni, kwenye nyayo. Sikugeuka. Punde Sista Zainabu akanizunguka akasimama mbele yangu, na nyuma yake nikaona sinia la chuma liko chini, bomba zimevunjika, wagonjwa wote wamekaa wima kwa kishindo. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Nikaisoma.

"Mkami. Husikii?"

"Nasikia nafuu, sista," nikasema.

Alikaa kitandani kwangu. Nesi haketi kitanda cha mgonjwa wa kifua, lakini yeye aliketi. Akaweka kidole kwenye sikio lake, akauliza tena, polepole, na sasa nikaelewa swali nililokuwa nimeulizwa tangu mvua zilipoanza. Daktari aliikatisha sindano siku ile ile, akaniwekea vidonge vingine. Sikio la kushoto lilibakia na kitu kidogo, ngurumo ya radi, ngoma ikipigwa karibu. Sikio la kulia lilikufa.

Mchungaji wetu alisafiri kutoka Bunda kuja kuniona. Alikuwa mtu mwema na alikuwa amechoka kwa safari. Aliniandikia kwenye karatasi kwamba Mungu hujaribu anaowapenda. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikujua ukubwa wake, "Kama huku ndiko kupendwa, mchungaji, awapende na wengine kidogo." Wodi nzima ikageuka. Alikunja karatasi yake, akanishika mikono yote miwili, akakaa hivyo bila kuandika neno lingine mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Maneno yake niliyasahau haraka. Ile mikono naikumbuka.

Ninakueleza haya ili ukifika pale pa kumkasirikia Mungu usidhani umefukuzwa. Mimi niliacha kuomba. Nitaombaje na sauti yangu siisikii? Nilikuwa nafungua kinywa, najua maneno yanatoka, lakini ilikuwa kuongea na ukuta, na ukuta nilikuwa mimi. Nililia sana. Niliwaonea wivu waliokufa katika wodi ile wakiwa wanasikia.

Niliruhusiwa pamba ikiwa imeshapasuka, shamba limekuwa jeupe. Nilirudi Kabasa na mfuko wa vidonge, na hapo nikagundua kwamba dawa ilikuwa imechukua kitu cha pili. Nilikuwa nayumba. Masikio ndiyo yanayomshikilia mtu asianguke, nani alijua? Giza likianza kuingia nilitembea kwa kushika ua. Mtaani wakasema mama mlokole ameanza kunywa gongo. Mwanamke mmoja wa kwaya alikuja kuninusa mdomo huku anajifanya ananikumbatia. Nilimpulizia pumzi usoni kwa makusudi, nikamwambia, "Ni kifua kikuu, dada, siyo gongo." Alirudi nyuma mpaka akakanyaga mbuzi. Ni kweli kwamba nilikuwa siambukizi tena, lakini yeye hakulijua hilo na mimi sikumwambia.

Magesa hakuwa mtu wa maneno. Nduguze walimshauri anirudishe kwetu, aoe mwenye masikio. Sikuyasikia maneno hayo, ila niliona jinsi walivyoacha kunitazama. Magesa aliwasikiliza hadi mwisho, akainuka, akaja nilipokuwa nachambua pamba, akaketi akachambua nami. Walipoondoka akanigonga bega, akasema kwa midomo mipana nipate kusoma: "Wameenda."

Kisha tukaenda Butiama kumchukua Eliza.

Alikuwa anacheza na magunzi ya mahindi nje ya nyumba. Alikuwa amerefuka. Aliponiona alisimama, akamtazama bibi yake, na midomo yake ikaanza kwenda. Ikaenda na kwenda. Maneno, sentensi nzima, mkono ukionyesha huku na huku, na mimi nimepiga magoti mbele yake nasoma na sisomi kitu, maana midomo ya mtoto haina herufi. Nilijua pale kwamba ombi langu limetupwa. Nikamuuliza mama mkwe neno la kwanza lilikuwa nini. Aliangalia pembeni. Nikamuuliza tena, nikamshika kidevu nimgeuze, jambo ambalo mkwe hafanyi. Akaniacha nimshike.

"Alisema 'mama'," akaniambia. "Akaangalia mlango."

Nilijiandaa kusikia habari ya jina linalodai, maana sasa alikuwa na ushahidi wote. Hakulitaja. Badala yake alimshika Eliza mabega, akamleta mpaka kifuani kwangu, akachukua kiganja cha mtoto akakigongesha mara mbili kwenye mkono wangu. Halafu akamwelekeza uso wake juu. Alimfundisha palepale: kwanza mguse mama, kisha akuone, ndipo useme. Alikaa nasi Kabasa mpaka tulipong'oa miti ya pamba na kuichoma, akimfundisha kila siku, na mtoto akikimbia na kusema hovyo alimrudisha aanze upya. Mwanamke huyu hajabatizwa hadi leo. Wengine wanipe maelezo ya neema, mimi niliiona ikimshika mtoto mabega.

Vidonge nilikuwa navifuata Musoma kila mwezi. Safari moja, Sista Zainabu alinivuta kando. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Kwa midomo na kwa mikono alinieleza kwamba swali lake halimtoki. Wagonjwa wote wa huku wanamjibu vizuri, nafuu, kidogo, na yeye hajui tena wanajibu nini. Amejaribu hata kusema kama sisi.

"Yanasikiaga?" akaniuliza, akijaribu, na kwa mara ya kwanza tangu wodini nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Hapana, sista," nikamwambia. "Usiwaulize. Nipe kiberiti."

Nilikwenda kwenye benchi. Wa kwanza alikuwa Wegesa, msichana mkaanga samaki wa Kigera, ana mtoto mdogo aliyemwacha kwa dada yake. Nikamwona midomo ikisema, nasikia vizuri. Nikamwambia afumbe macho, na akisikia nikitikisa ainue mkono. Nikapeleka kiberiti nyuma ya sikio lake, nikakitikisa. Mimi mwenyewe sikukisikia. Nilikisikia kwenye vidole, njiti zikigonga. Wegesa hakuinua mkono. Nikasogeza karibu, nikatikisa tena, akainua. Sikio la pili, hivyohivyo.

"Masikio yanalia?" nikamuuliza.

"Yanaliaga," akasema. "Si ndio dawa inashika?"

Nilikimbia. Mimi niyumbaye nilikimbia kwenye ule ushoroba nikigonga kuta zote mbili, nikamshika daktari koti. Sindano ya Wegesa ilikatishwa asubuhi ile, akapewa vidonge vingine.

Sikupata maono siku ile. Nilirudi Bunda nimechoka, kiberiti mfukoni. Lakini mwezi uliofuata nilikwenda siku moja kabla ya siku yangu, ili nikae kwenye benchi, na mwezi wa baadaye vilevile, nikalala kwa mama mdogo. Vidonge vyangu vilipokwisha, niliendelea kwenda. Magesa naye alianza kuninunulia viberiti.

Unauliza kama nilijua Mungu alikuwa anataka nini. Nilikuwa nimeuliza "kwa nini" mpaka swali likaisha meno, na jibu sijapewa hadi leo. Yule kipofu wa Injili, ambaye wanafunzi walimuuliza Bwana habari zake, nani alikosa, huyu au wazazi wake, naye hakupewa sababu ya nyuma, alionyeshwa kazi iliyo mbele. Nasema hivyo kwa hofu, maana mimi si mchungaji. Usimwambie mgonjwa mwingine kwamba Mungu alimziba masikio Mkami ili Wegesa asikie. Siamini hivyo. Naamini kwamba nilipokuwa nimezibwa tayari, Mungu aliketi nami kwenye benchi, akaniuliza tunafanyaje sasa.

Mvua zilikwenda zikaja. Foleni zikaisha, maduka ya Musoma yakajaa sabuni na sukari, watu wakavaa mitumba, na kila genge likawa na redio kaseti ambayo wengine waliilaani kwa kelele. Sista Zainabu alihamishwa kwao. Alipokuja kuaga aliniuliza, wasikia vyema, akilia, nami nikamjibu tulivyozoea. Benchi halikupungua watu. Wakaongezeka, kwa sababu ya ule ugonjwa mwingine uliokuja.

Lakini nakurudisha nyuma, kwenye asubuhi moja ya mwaka ule ule wa kiberiti cha kwanza. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi na mgonjwa mpya, nimeupa mgongo mlango. Mtu akanigonga mkono mara mbili, vilevile anavyogonga Eliza. Sijui nani alimfundisha. Nikageuka, nikamwona Wegesa, amekuja mbio kutoka Kigera, mikono ina mafuta ya samaki, mtoto yuko kiunoni. Alisubiri nimtazame, kisha akasema kwa midomo mipana, akihema:

"Mama Eliza! Huyu ameanza kusema!"

"Amesema nini?"

"Nilimpa mgongo, nakaanga. Nikasikia nyuma yangu, 'moto'. Sikumwona, mama. Nilimsikia tu!"

Nilisikia wivu kwanza, nisikudanganye, ukanikata kama kisu cha samaki. Kisha nikamchukua yule mtoto nikamweka kifuani, sikio langu la kushoto kwenye mgongo wake mdogo, akasema tena neno lake, na mtikisiko ukanifikia. Palepale kwenye benchi nikaomba kwa mara ya kwanza tangu sinia lilipoanguka. Sikuuliza kitu. Nilimwambia Bwana kwamba lile neno la kwanza nililomwomba limefika.